Mwezi wa Siku Ishirini na Tisa

Mama Gitae alizijua nyumba za Sangdo, mtaa wa vilimani kule Seoul, kwa mlango wa jikoni. Kwa miaka kumi na moja alipanda vile vilima na ndoo mbili za uduvi wa chumvi na mfuko wa dagaa mgongoni, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyemfungulia mlango wa mbele. Hilo halikumsumbua. Mlango wa mbele hupakwa rangi ili udanganye watu. Jikoni ndiko alikoziona kuta zinazotoka jasho wakati wa baridi, sakafu isiyopata joto hata ukichoma chini yake matofali manne ya mkaa kwa siku, na bomba linalokohoa saa ya kupika. Akiwa amechuchumaa anapima uduvi kwa kikombe, alikwisha kujua jua linaingia chumba gani na linaondoka saa ngapi.

Hakuna aliyemfundisha. Shule aliiacha darasa la nne, vita vilipoingia Seoul, na hakurudi tena. Siku hizi watu hununua nyumba kwa kutazama picha ya ghorofa ambayo bado ni shimo la udongo, wakatia sahihi, wakaenda kulala. Mama Gitae angewacheka mpaka machozi yamtoke.

Mumewe, Seok, alikuwa Saudia mwaka wa pili sasa, akimwaga zege jangwani kwa kampuni ya ujenzi. Kila mwezi pesa zilikuja benki. Wanawake wengine sokoni ambao waume zao walikuwa huko walinunua televisheni, wakanunua makoti ya manyoya, na mmoja alijifunza kucheza dansi. Mama Gitae aliendelea kuishi na wanawe wawili katika chumba kimoja nyuma ya soko, akaingia kwenye upatu wa wanawake kumi na wawili, akachagua zamu ya mwezi wa kumi na moja. Walipomuuliza ana mpango gani, alijibu, "Nataka kuwa mtu anayefuatwa kulipwa, nimechoka kuwa mtu anayefuatwa alipe." Walicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka ule wa 1978 bei za nyumba zilikuwa zimepanda mpaka mwezi wa nane, mabibi wenye miavuli wakizunguka na teksi na kununua nyumba kama wanunuavyo kabichi. Kisha serikali ikakunja uso, ikaleta kodi, na mabibi wakatoweka ndani ya wiki moja. Watu waliotaka kuuza waliona aibu kusema wanauza. Mtu mgeni katika biashara hiyo angeona giza tupu. Mama Gitae aliona uduvi.

Kwa maana kila nyumba hutengeneza kimchi, kabichi iliyochachushwa ya kula majira ya baridi, mwezi wa kumi na moja, mitungi kumi, kumi na tano, na uduvi wake huagizwa mwezi wa kumi. Nyumba isiyoagiza uduvi haitakula kimchi pale. Na mwezi wa kumi ule, mke wa mzee wa kanisa Maeng, mteja wa ndoo nzima kila mwaka, alisema, "Safari hii nipe kikombe tu, Mama Gitae."

"Kikombe? Mama, mnafunga nini, kwaresima?"

"Tumbo la mzee linamsumbua," alijibu yule mama, akageuza uso.

Mama Gitae alishuka kilima moja kwa moja hadi kwa Mzee Gwak. Huyu alikuwa dalali wa zamani wa mtaa, mwenye kibanda kimoja chenye pazia la kitambaa mlangoni, benchi moja, na ubao wa sataranji ambao haukuwahi kukosa watu wawili. Hakuwa na cheti cha mtu yeyote. Alikuwa na kumbukumbu ya ndoa, misiba na madeni ya kila nyumba kwa miaka arobaini.

"Mzee, nyumba ya Maeng inauzwa kwa kiasi gani?"

Mzee Gwak hakuinua macho kwenye sataranji. "Haiuzwi."

"Inauzwa. Nenda ukamuulize kabla hajampata dalali mwenye simu."

"Nani kakwambia?"

"Uduvi wangu."

Mzee akasogeza farasi wake, akavaa kofia, akatoka. Baada ya saa moja alirudi anahema. "Anahamia ghorofa Banpo. Anataka milioni tisa na laki nane. Wewe mwanamke ni mchawi."

"Mwambie ukuta wa kaskazini wa jikoni unavuja, sakafu ya chumba cha pili haipati moto, na choo kinafurika mvua ikinyesha siku mbili. Milioni tisa."

"Na hizo milioni tisa unazo?"

"Nitakuwa nazo."

Na hesabu yake ilikuwa hivi. Arubuni laki tisa siku ya mkataba, pesa za Seok. Katikati ya mwezi milioni tatu na laki moja, milioni mbili kutoka upatu na zilizobaki za Seok tena. Katika chumba cha langoni aliishi Dada Noh, mshonaji wa sweta kwa mashine, ambaye amana yake ya laki sita mnunuzi angeirithi kama deni, kwa hiyo ikakatwa kwenye bei. Zilibaki milioni nne na laki nne, na hizo zingeletwa na mpangaji wa nyumba kubwa. Kule mpangaji hakulipa kodi ya mwezi. Aliweka amana nene mara moja, akakaa, na siku ya kuondoka akarudishiwa yote. Mama Gitae mwenyewe angebaki katika chumba chake nyuma ya soko, akiwa na nyumba ambayo nusu yake imenunuliwa na mtu mwingine anayelala ndani yake. Mwanamke wa darasa la nne aliyapanga hayo kichwani huku akipima dagaa.

Maeng alikubali milioni tisa, na mkataba ulitiwa mihuri tarehe tatu mwezi wa kumi na moja. Mzee Maeng alitaka malipo ya mwisho tarehe thelathini, kwa sababu na yeye siku hiyo alipaswa kulipa ghorofa yake ya Banpo, na mwenye ghorofa naye alikuwa na mahali pake pa kulipa. Pesa ileile ingetembea nyumba tatu kwa siku moja.

Mama Gitae aliitazama kalenda ukutani. Mwezi ule ulikuwa na maajabu yake: tarehe mosi ya kizungu ilikuwa pia siku ya kwanza ya mwezi mwandamo. Kwa hiyo thelathini ni thelathini, aliwaza, na siku ya thelathini haina Mgeni. Mgeni ni yule pepo azungukaye. Siku mbili za kwanza za mwezi mwandamo hukaa mashariki, kisha kusini, kisha magharibi, kisha kaskazini, na siku zinazoishia na tisa au sifuri hupanda mbinguni, ndipo watu wenye akili huhama. Mama Gitae aliona bahati imejileta yenyewe. Alipiga muhuri kwa nguvu hata meza ikalia.

Mzee Gwak alimpata mpangaji ndani ya siku sita: Bibi Ham wa Yeongdeungpo, pamoja na mwanawe mwalimu na mke wa mwanawe mwenye mimba. Bibi Ham aliuliza swali moja tu. "Tunahamia tarehe thelathini. Mgeni yuko wapi?"

"Yuko mbinguni, Mama Mkubwa. Thelathini kwa thelathini."

Bibi akatoa arubuni ya laki nne. Zilizobaki, milioni nne, zingekuja siku ya kuhama.

Katikati ya mwezi malipo ya pili yakatoka, upatu wote na pesa ya mwisho ya Seok. Wiki moja baadaye, asubuhi, Bibi Ham alisimama mbele ya meza ya dagaa na kalenda ya kuchana mkononi.

"Wewe, Mama Gitae! Uliniambia nini kuhusu Mgeni?"

"Karibu Mama Mkubwa, kaa kwanza..."

"Sikai! Soma hapa. Una macho au una vifungo vya koti?"

Mama Gitae alisoma. Chini ya ishirini na tisa kulikuwa na tarakimu ndogo ya mwezi mwandamo, ishirini na tisa. Chini ya thelathini kulikuwa na moja.

"Mwezi huu ni mdogo," alisema Bibi Ham. "Una siku ishirini na tisa. Mtoto wa kijijini anayelisha kuku anajua hilo! Tarehe thelathini ni siku ya kwanza, Mgeni yuko mashariki, na Sangdo iko mashariki mwetu. Unataka nimpeleke mkwe wangu mdomoni mwake? Mimba mbili zimetoka. Mbili!"

Watu wa meza za jirani waliacha kazi. Mama Gitae alizisoma tena tarakimu zile, moja moja. Kila mtu wa rika lake alijua miezi mikubwa na midogo. Lakini miaka ya sokoni, ya risiti na tarehe za benki, ilikuwa imemfanya asome tarakimu kubwa na kuruka ndogo. Ndivyo ilivyoanza kwa wote. Leo ukimuuliza kijana mwezi mwandamo ni wa siku ngapi atatoa simu mfukoni.

"Nipe siku mbili, Mama Mkubwa."

"Ninakupa. Baada ya hapo chukua hizo laki nne zangu, kula ushibe. Bora pesa ipotee."

Bila amana ya Bibi Ham hakuna malipo ya mwisho. Bila malipo ya mwisho, arubuni ya laki tisa ingebaki kwa Maeng, na hiyo ilikuwa miezi minne ya Seok kwenye jua lile. Mpangaji mwingine kwa siku nane, katika msimu ule? Hakuna.

Alipanda kwa Maeng. Mzee wa kanisa alimsikiliza akiwa amesimama kibarazani, miwani puani.

"Nisogeze mbele mpaka tarehe nane ya mwezi ujao, ati ndipo huyo Mgeni wenu atakapopanda tena mbinguni? Na Banpo nitawalipa na zaburi?"

"Basi tufanye tarehe ishirini na tisa, mzee. Siku moja tu nyuma."

"Ghorofa haitakuwa wazi. Nitalala wapi na mama watoto, kanisani? Dada, mimi siamini mambo ya mapepo yanayozunguka kama mabasi. Mkataba ni mkataba. Thelathini saa nne pesa iko mezani, au arubuni yangu ni yangu."

"Sawa, mzee," alisema Mama Gitae. "Saa nne."

"Na unapata wapi?"

"Hilo niachie."

Alisema hivyo bila kujua bado. Lakini alipokuwa akishuka kilima hakulia wala hakukimbia. Aliingia kwa Mzee Gwak, akaondoa sataranji mezani kwa mikono yake miwili, akamweleza. Mchezaji wa upande wa pili akapiga kelele. "Mama, nilikuwa nashinda!"

"Ulikuwa unashindwa tangu jana," alisema Mzee Gwak, akawasha kiko. "Zamani, mtu akikosa siku ya kuhama, alitanguliza sufuria ya wali. Siku nzuri unaingiza sufuria, unaikokea moto, unapika. Sufuria ikishaiva, nyumba imehamiwa. Makabati na magodoro yaje siku yoyote, Mgeni hana habari nayo."

"Siku nzuri ni ishirini na tisa, na Maeng bado yumo ndani. Hataruhusu sufuria ya mtu jikoni mwake, mzee wa kanisa yule."

"Je, jiko ni moja tu mle ndani?"

Mama Gitae akamtazama. Kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akairudisha sataranji mezani, kila kete mahali pasipo pake, akatoka.

Dada Noh hakuacha mashine yake ya sweta alipoelezwa. Sauti yake ilibidi ipite juu ya kelele. "Yaani nije nipishe jiko langu kwa sufuria ya bibi nisiyemjua. Napata nini?"

"Wali."

"Wali ninao. Mwakani utanipandishia amana?"

"Wenye nyumba wote wanapandisha."

"Ndiyo maana nauliza."

Mama Gitae alihesabu haraka. Amana ya Noh ingeweza kupanda laki moja na nusu masika yakifika. Alikuwa tayari ameipangia kazi. "Sipandishi mwaka mzima," alisema.

"Miaka miwili."

"Mwaka mmoja na nusu, na nakuletea dagaa wa supu kila mwezi."

Mashine ikanyamaza. "Jitazame! Bado hujawa mwenye nyumba, na ushakuwa bahili kama wao. Haya, mlete bibi."

Ikabaki Bibi Ham mwenyewe. Alikuja kibandani kwa Mzee Gwak akiwa amekunja mikono. "Jiko la chumba cha langoni ni jiko la mwingine. Mimi sihamii chumba cha langoni."

"Dada yangu," alisema Mzee Gwak, naye alimzidi kwa miaka kumi na tano, "Mgeni anapopita anahesabu malango au anahesabu majiko?"

"Malango," alijibu Bibi Ham polepole.

"Nyumba ile ina lango moja. Mwaka wa ukame mkubwa marehemu mama yangu alikokea sufuria chini ya upenu wa zizi, kwa sababu jikoni kulikuwa na maiti ya jirani anayesubiri kuzikwa. Tulikaa nyumba ile miaka ishirini na saba, tukazaliwa watoto wanane."

Bibi Ham alimkazia macho. Hakuna mtu wa kumuuliza kama ni kweli. Watu wa namna ile wangekufa kabla ya kutunga uongo juu ya sufuria ya mama zao, au labda wangetunga, lakini kwa faida ya mtu. Miaka michache baadaye serikali ilileta mitihani na vyeti, pazia la kitambaa likatolewa mlangoni, na mahali pale akaketi kijana mwenye tai na ramani ukutani. Ukimwambia Mgeni, atakuuliza amefika saa ngapi.

"Nitapika mwenyewe," alisema Bibi Ham mwishowe. "Mchele wangu, maji yangu, mkaa wangu."

Tarehe ishirini na tisa, kabla ya adhuhuri, alishuka kwenye teksi na sufuria ya chuma imefungwa kitambaa chekundu, mkwe wake akimfuata na ndoo ya bati yenye mkaa uliokwisha kushika moto. Mzee Maeng alikuwa uani, akifunga vitabu vyake kwa kamba.

"Hiyo ni nini?"

"Chakula cha mchana," alisema Dada Noh kutoka mlangoni pake.

"Najua ni nini! Katika nyumba yangu hapafanyiki ushirikina. Sijatoka bado!"

"Mzee, ni nyumba yako, sawa. Lakini jiko hili lina laki sita zangu. Ukitaka bibi huyu asipike, nirudishie laki sita sasa hivi, hapa mkononi, halafu nitazima moto mwenyewe."

Mzee Maeng aliiachia kamba. Laki sita zilikuwa zimekwisha kwenda Banpo. Akatazama upande wa mkewe, aliyesimama kibarazani na magazeti ya kufungia vyombo.

"Baba, waache wale," alisema mkewe. "Mtoto wa kike yuko na mimba, na kuna baridi."

"Wapike basi! Lakini pasiwe na maombi ya kipagani."

"Mimi siombi," alisema Bibi Ham akimpita. "Mimi naosha mchele."

Mama Gitae alisimama karibu na lango. Alitazama mvuke ukitoka kwenye mlango ule mdogo, akamtazama yule mkwe akiwa amekaa kizingitini na kuota moto, uso umepata rangi. Wali ulipoiva Bibi Ham alitoa bakuli la kwanza nje, akalishika kidogo kwenye upepo, kisha akalipeleka kibarazani kwa mke wa Maeng. Mama yule alilipokea kwa mikono miwili. Mzee Maeng alikula pia, baada ya kuufanyia wali ule sala ndefu.

Tarehe thelathini, saa tatu na nusu, watu sita walijibana katika chumba cha karani wa hati karibu na ofisi ya usajili. Mwalimu alitoa milioni nne kutoka kwenye mfuko wa vitabu vya shule. Mama Gitae alitoa laki nne kutoka kiunoni. Mzee Maeng alihesabu mara mbili, akalowesha kidole, akahesabu ya tatu.

"Zimetimia," alisema. Akavua miwani. "Dada, wewe ungefaa kuwa mweka hazina wetu kanisani."

"Mngefilisika, mzee. Ningewanunulia nyumba."

Mihuri ikapigwa. Maeng aliweka pesa ndani ya koti, akakimbilia teksi ya kwenda Banpo, na karani akaandika jina Pyo Malsun mahali palipoandikwa mmiliki. Mama Gitae alilisoma jina lake mwenyewe polepole, herufi kwa herufi, maana kwa miaka mingi hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mtu wa posta.

Alipofika Sangdo lori la Bibi Ham lilikuwa limekwisha kushushwa nusu. Makabati yalisimama uani kama watu wanaosubiri kuitwa. Alitaka kuingia kwa lango lile taratibu, walau mara moja, aitazame nyumba kutoka mbele. Bibi Ham alitokeza kichwa jikoni.

"Mwenye nyumba!"

Mama Gitae aligeuka nyuma kuona ni nani anaitwa.

"Wewe, wewe! Mwenye nyumba! Ukuta huu wa kaskazini unavuja, na bomba linakohoa. Ulijua?"

"Nilijua, Mama Mkubwa."

"Unajua, na umesimama?"

Mama Gitae alivua koti lake, akalitundika kwenye msumari wa lango lake, akashuka kilima kumtafuta fundi wa mabomba kabla hajaenda kula mchana.